Kopo la mitokondria au vidonge vya presha? Moyo na ubongo kwa mwenye wagonjwa wawili na mfuko mmoja

Wifi yangu ana duka la mchele na mawese pale Gungu, hapa Kigoma, na nyumbani kwake kuna wagonjwa wawili. Kaka yangu, ambaye ndiye mumewe, alipata kiharusi mwezi wa nne. Mguu umerudi, mkono wa kulia bado mzito, na maneno yanamtoka moja moja. Mama yake wifi, waliyemleta kutoka Kagunga, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika, ili awe karibu na hospitali, ana moyo uliopanuka. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kuna kilima kifupi. Anakipanda kwa kusimama mara tatu.

Mwezi uliopita akapita dukani kijana nadhifu mwenye begi mgongoni, anauza kopo la vidonge 60 kwa shilingi 120,000. Juu ya kopo pamechorwa mitokondria, vile viungo vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nishati, mchoro ule ule ninaouchora ubaoni kila mwaka. Akamweleza wifi kwamba kiharusi na ugonjwa wa moyo vyote vinatokana na mitokondria kuchoka, kwa hiyo kopo moja linawatosha wote wawili. Kesho yake alfajiri simu yangu ikaita.

"Mwakeye, wifi," akanisalimia. "Wewe ndiye unafundisha baiolojia. Hii laki na ishirini niitoe au nisiitoe?"

Nilimwomba siku mbili. Nilichomjibu ni hiki, nimekirefusha kidogo kwa sababu kijana yule hakuishia dukani kwa wifi, na nyumba zenye mgonjwa wa presha katika mji huu si moja wala mbili.

Alichosema kweli

Kijana hakudanganya yote. Moyo au ubongo ukikosa damu, seli zinafia kwenye mitokondria. Hapo ndipo oksijeni inapotumika kuunguza chakula na kutengeneza ATP, nishati inayoendesha kila kitu ndani ya seli. Damu ikikatika, oksijeni inaisha na mitambo inasimama. Ila mitokondria haikuziba mshipa. Mshipa umezibwa na bonge la damu, au umepasuka kwa presha ya miaka mingi. Ni kama nyumba iliyoungua kwa moto ulioanzia jikoni kwa jirani: kwako ndiko kulikoteketea, lakini ukitaka moto usirudi lazima uende kuangalia lile jiko.

Pia alikosea kudhani kwamba mitokondria za moyo na za ubongo zinaishi maisha mamoja.

Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Kwa kazi hiyo, mitokondria zimejaza karibu theluthi moja ya seli ya msuli wa moyo, zimepangwa mistari mistari katikati ya nyuzi zinazojikunja. Inakadiriwa kwamba moyo hutengeneza na kutumia kilo 6 hivi za ATP kila siku, ingawa ile iliyomo ndani yake kwa wakati mmoja ingetosha sekunde chache tu. Na moyo hauchagui chakula. Sehemu kubwa ya nishati yake unaitoa kwenye mafuta, lakini ukipewa sukari unakula, na hata asidi inayotoka kwenye misuli iliyochoka unaila.

Ubongo ni mteuzi. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini unachukua kama asilimia 20 ya oksijeni yote. Chakula chake ni sukari ya kwenye damu, na akiba yake ni ndogo mno. Mafuta hauyaunguzi kwa kiasi cha maana, isipokuwa mtu akifunga muda mrefu ndipo ini humtengenezea chakula mbadala kutokana na mafuta hayo. Halafu kuna umbali. Seli ya neva inayotoka ubongoni kushuka kwenye uti wa mgongo inaweza kuwa na mkia unaokaribia mita moja, na mitokondria husafirishwa juu ya nyuzi ndani ya mkia huo kama mabehewa juu ya reli, zinapelekwa kule mwisho ambako ujumbe hurushwa. Sisi wa Kigoma tulio mwisho wa reli tunajua treni isipofika inakuwaje. Neva nayo mwisho wake ndio unaoanza kunyong'onyea.

Damu ikikatika, nani anakufa kwanza

Hapa tofauti ni kubwa, na ndiyo inayopaswa kuamua utakachofanya usiku wa tukio.

Damu yote ikiacha kwenda ubongoni, mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi, na baada ya dakika 4 au 5 uharibifu usiorudi unaanza. Kwenye kiharusi cha kuziba hali huwa afadhali kidogo, maana umeziba mshipa mmoja. Katikati ya eneo lake seli hufa ndani ya dakika chache. Pembeni kunabaki seli zilizonyamaza bila kufa, zinaishi kwa damu kidogo inayopenya kupitia mishipa ya jirani. Seli hizo zinaweza kungoja saa kadhaa, na tiba yote ya saa za mwanzo inapigania hizo. Jeffrey Saver, daktari wa neva wa Marekani, alikadiria mwaka 2006 kwamba katika kiharusi cha mshipa mkubwa zinapotea seli za neva milioni 1.9 kila dakika.

Ubongo una balaa jingine ambalo moyo hauna. Seli inayokufa inamwaga glutamati, kemikali ya kupitishia ujumbe, na jirani anayeipokea kwa wingi hivyo anafungua milango na kujazwa kalsiamu. Mitokondria zinajaribu kuimeza ile kalsiamu zote, zinavimba, zinapasuka. Kwa hiyo kifo kinaambukizwa kutoka seli hadi seli.

Moyo unajua kuzima taa ili kubana matumizi. Sehemu iliyokosa damu inaacha kujikunja ndani ya dakika moja, na kwa kupumzika hivyo seli zinajipatia muda. Kifo cha kudumu kinaanza baada ya dakika 20 hadi 30, kikitokea tabaka la ndani la ukuta wa moyo na kusogea kuelekea nje. Ikifika saa ya sita hivi, sehemu kubwa ya eneo hilo imekwisha.

Ndiyo maana dawa ya kuyeyusha bonge inatolewa kwa mshtuko wa moyo mpaka saa 12 tangu maumivu yaanze, huku mapema ikiwa bora zaidi. Kwa kiharusi mlango wa kawaida unafungwa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na lazima kipimo cha CT, picha ya ndani ya ubongo, kioneshe kwanza kwamba hakuna damu iliyovuja. Mtu wa Kagunga anayekuja mjini kwa boti amekula saa zake majini kabla hata ya kuiona bandari. Kwa moyo bado ana nafasi. Kwa ubongo, kila aliyesema "tungoje kupambazuke" amemnyang'anya mwenzake mkono au ulimi.

Damu ikirudi nayo inaunguza

Wengi wanadhani mshipa ukizibuka shida imekwisha. Aliyewahi kutumia jiko la mchina ataelewa upesi. Jiko limezima, mafuta ya taa yameendelea kupanda kwenye tambi na kutuama, halafu mtu anawasha kiberiti ghafla: mwali unaruka mpaka kwenye nyusi. Wakati damu imekatika, ndani ya mitokondria inarundikana kemikali iitwayo suksinati. Mwaka 2014 watafiti walionesha kwamba oksijeni ikirudi, suksinati hiyo inaunguzwa kwa kasi na kutoa chembe haribifu za oksijeni. Papo hapo tundu linafunguka kwenye utando wa mitokondria, nguvu inavuja, na seli iliyokuwa bado hai inafa wakati wa kuokolewa.

Hili linatokea moyoni na ubongoni pia, na hapo ndipo wanasayansi wengi walipotaka dawa moja ya wote wawili. Nimeyasoma majaribio hayo kwa hamu, maana nilitamani lifaulu hata moja.

Siklosporini, ambayo huzuia lile tundu, ilijaribiwa mwaka 2008 kwa wagonjwa 58 wa mshtuko wa moyo, na kovu la moyo likaonekana dogo. Mwaka 2015 ikajaribiwa kwa wagonjwa 970 na haikusaidia chochote. Upande wa ubongo, dawa ya kunasa chembe haribifu iliyoitwa NXY-059 ilileta matumaini, kisha mwaka 2007 jaribio la watu zaidi ya 3,000 likaizika. Kuna mbinu ya kukaza mkono kwa mpira wa kupimia presha, unakaza na kuachia mara kadhaa, ili mwili uzoee kukosa damu. Kwa moyo, jaribio la mwaka 2019 la watu zaidi ya 5,000 halikuona faida. Kwa ubongo, jaribio la China la mwaka 2022 lenye wagonjwa karibu 1,800 liliona faida kiasi, na la Denmark mwaka uliofuata halikuiona. Na lipo la kusisimua zaidi: huko Boston, mwaka 2017 madaktari waliripoti watoto watano wenye mioyo iliyodhoofika vibaya, ambao walitolewa mitokondria kwenye msuli wao wenyewe wa tumbo na kudungwa moyoni. Seattle wameanza kujaribu jambo hilo kwa wagonjwa wachache wa kiharusi. Bado ni hatua ya kuangalia kama ni salama.

Nimeyataja haya kwa wifi kwa sababu moja. Kama dawa zinazodungwa na mabingwa, katika dakika ile ile mshipa unapozibuliwa, zimeshindwa kuziokoa mitokondria, basi kopo linalonunuliwa miezi mitano baada ya kiharusi linahitaji ushahidi mzito kuliko mchoro wa rangi.

Kopo lenyewe

Nilimwambia anisomee maandishi madogo ya pembeni. Akasoma kwa kusitasita: koenzaimu Q10, miligramu 100, na vitamini mbili. Sawa, kitu hicho nakifahamu. Kipo kwa asili ndani ya mitokondria, kinabeba elektroni kutoka hatua moja hadi nyingine, na mwili unakitengeneza wenyewe.

Kwa moyo, ushahidi upo, nami siwezi kuuficha. Jaribio lililochapishwa mwaka 2014 lilikuwa na wagonjwa 420 wa moyo ulioshindwa kazi, waliopewa miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miaka miwili. Waliopata matukio makubwa ya moyo walikuwa asilimia 15, na kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani asilimia 26. Ila hesabu hii uisome pamoja na nyingine: wagonjwa wale walikuwa wanaendelea na dawa zao za kawaida za moyo. Hakuna aliyeacha enalaprili ili amudu kopo. Na kwa vidonge vitatu kwa siku, kopo la 60 ni siku 20. Kwa mwaka mzima wifi angelipa zaidi ya milioni mbili kwa mgonjwa mmoja.

Kwa ubongo, jaribio kubwa nilijualo lilikuwa la ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, ambao mitokondria zinahusika nao sana. Wagonjwa 600, dozi kubwa mpaka miligramu 2,400 kwa siku, na lilisimamishwa kwa kuwa hakukuwa na faida. Kwa mkono wa kaka yangu, kopo lile sina sababu ya kulisifu.

Onyo moja zaidi: anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mathalani mwenye vali bandia ya moyo, asiguse koenzaimu Q10 kabla ya kumwambia daktari wake, maana inaweza kuipunguza nguvu dawa hiyo.

Upande wa pili wa mizani

Enalaprili haina mchoro mzuri kwenye pakiti. Lakini mwaka 1987, kwa wagonjwa wa moyo ulioshindwa kazi katika hali mbaya, ilipunguza vifo vya miezi sita kwa asilimia 40. Spironolaktoni mwaka 1999 ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Hizo mama yake wifi anazo, zimeandikwa kwenye kadi yake. Tatizo nililoligundua nilipokwenda nyumbani kwao, nikiwa nimekaa naye mkekani, ni kwamba alikuwa anakunywa siku moja na kuruka moja "ili zisiishe haraka". Pakiti ya wiki mbili zilizopita ilikuwa na vidonge saba ambavyo vilipaswa kuwa tumboni. Machozi yalinilenga, nakiri. Bibi anabania kidonge cha bei ndogo, na binti yake anakaribia kutoa laki na ishirini.

Kwa ubongo na moyo kwa pamoja, kinachoshinda ni presha. Mwaka 2016 ulichapishwa ujumlisho wa majaribio 123 yenye watu zaidi ya 600,000: kushusha presha ya juu kwa alama 10 tu kunapunguza viharusi kwa asilimia 27, moyo kushindwa kazi kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17. Ukiniuliza dawa moja ya kulinda mitokondria za moyo na za ubongo katika nyumba moja, jibu langu ni hilo: zisikose damu hata siku moja.

Katika kupona nako viungo hivi viwili havifanani. Seli za msuli wa moyo kwa mtu wa makamo zinazaliwa upya kwa chini ya asilimia 1 kwa mwaka, kwa hiyo palipokufa panabaki kovu, na matibabu ni kuupunguzia mzigo moyo uliobaki. Seli za neva zilizokufa nazo hazirudi, lakini ubongo unaweza kuwafundisha majirani kazi ya marehemu, mradi wafanyishwe kazi hiyo tena na tena. Kwa hiyo pesa ya mgonjwa wa moyo ielekee kwenye dozi isiyokatika, na ya mgonjwa wa kiharusi igawanywe: dozi, pamoja na nauli ya bajaji kwenda mazoezi ya viungo. Kaka alikuwa ameacha baada ya wiki tatu, eti anaona aibu kushika mpira kama mtoto.

Usiku wa tukio: usichanganye

Hili ningependa libandikwe ukutani. Kifua kubanwa kama kimewekewa gunia, jasho la baridi, maumivu kupanda kwenye taya au mkono wa kushoto, hasa kwa mtu mzima mwenye presha au sukari: mpe aspirini ya miligramu 300 aitafune, kama hana mzio nayo wala kidonda cha tumbo kinachovuja damu, kisha safari. Wanawake na wenye kisukari wakati mwingine hawaumwi kifua, wanahema tu na kutapika. Jaribio la mwaka 1988 lenye watu zaidi ya 17,000 lilionesha aspirini pekee ikipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano katika wiki tano. Kidonge hicho unaweza kukimeza Kagunga kabla boti haijang'oa.

Mdomo kwenda upande, mkono kuanguka, maneno kukwama: aspirini usimpe. Hujui kama mshipa umeziba au umepasuka, na huku Afrika wanaopasukiwa ni sehemu kubwa kuliko Ulaya. Usimpe chai wala uji, anaweza kupaliwa. Mlaze ubavu kama anasinzia, andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, mpeleke hospitali ya Maweni, na kipimo cha sukari kiwe cha kwanza, kwa kuwa sukari ikishuka sana inaweza kujifanya kiharusi.

Na tafadhali, kidonge cha kushusha presha chini ya ulimi hapana. Hili lilitupata sisi. Asubuhi ile kaka alikuwa na presha 190, mkono umelegea lakini anatembea mwenyewe. Kwenye duka moja la dawa njiani wakamtobolea nifedipini na kumminyia chini ya ulimi, wakiona wanasaidia. Ikaporomoka hadi 110. Kabla hatujafika hospitali mguu ukafuata mkono. Zile seli za pembeni zilizokuwa zinaishi kwa damu ya kupenya zilihitaji msukumo ule, tukaukata. Katika kiharusi cha kuziba, mgonjwa asiyepewa dawa ya kuyeyusha bonge madaktari wengi huiacha presha mpaka ivuke 220 kwa 120 ndipo waishushe. Akiwa amepasukiwa, wanaishusha mapema. Uamuzi huo unafanywa baada ya picha ya CT.

Nilivyomgawia laki na ishirini

Mashine ya kupimia presha ya kufunga kwenye mkono wa juu, kwa sababu nyumba ina wawili wa kupimwa. Dozi za miezi miwili za mama, zote, bila kuruka. Nauli za kaka kwenda mazoezi mara mbili kwa wiki. Kilichobaki kikae kwenye bahasha, kimeandikwa "safari ya usiku", na asikitoe hata mchele ukipanda bei. Kama mwakani duka litakuwa limechangamka, na daktari wa mama akikubali kuongeza koenzaimu Q10 juu ya dozi kamili, sitapinga. Kwa kaka, hapana.

Kijana wa begi alirudi. Wifi akamkaribisha maji, akamwambia mzigo haununui, na akampima presha kwa mashine mpya. Ilikuwa nzuri.

Vipimo wanaviandika nyuma ya daftari la madeni la dukani. Ukurasa wa kwanza kwa kaka una 168 kwa 102. Jana wifi amenitumia picha ya ukurasa wa tatu: 141 kwa 88, tarakimu zimepinda na moja imetoka nje ya mstari, maana siku hizi anayeandika ni kaka mwenyewe, kwa mkono wa kulia.